Kivumo cha Mama Kwenye Kopo la Maziwa

Nianze kwa ugomvi, maana mimi bila ugomvi siwezi kuanza kitu. Watu wanasema kangaga ni mmea wa maji. Wamelikuta kando ya mto, wamelikuta limening'inia kwenye ukingo wa chemchemi, basi wamefunga mjadala. Muulize yeyote hapa Newala, muulize hata bwana shamba aliyekuja kutuonyesha namna ya kupulizia mikorosho salfa: kangaga ni maji. Mimi nimezaliwa Masasi, chini ya mlima wa jiwe tupu, na nasema hapana. Liko kangaga linaloishi juu ya mwamba, penye jua la kukausha mihogo, na ukilipa maji kila siku unaliua. Hilo silisemi kwa kubahatisha.

Mama alikiita kivumo. Jina la kitaalamu silijui na sijalitafuta. Alikiita hivyo kwa sababu kimefanana na mvumo, ule mti mrefu wa bondeni wenye majani kama pepeo, ila hiki ni mvumo wa kuchezea watoto: kizima kizima hakizidi urefu wa kiganja. Vikonyo vyake ni vyembamba na vigumu kama njiti za ufagio, na juu ya kila kikonyo kuna jani moja lililochanikachanika kama upepeo mkuukuu. Ukiligeuza jani utaona kingo zake zimejikunja kwa chini, na ndani ya mkunjo mna unga wa kahawia. Huo ndio uzazi wake. Hakina ua wala mbegu ya kushika mkononi. Unga unapukutika, upepo unauchukua, na ukibahatika kutua kwenye ufa wa jiwe wenye udongo kidogo, basi kingine kinazaliwa pale. Mwingi haubahatiki.

Mama alikuwa anaanika makopa juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Mihogo ikishamenywa na kupasuliwa, tunaibeba kwenye ungo, tunaitandaza juu ya jiwe lenye moto kiasi kwamba huwezi kusimama pekupeku. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi. Pembeni palikuwa na ufa, na ndani ya ufa vivumo vimejipanga kama wanafunzi mstarini. Nilikuwa nakaa navyo mchana kutwa, sina mwenzangu mwingine.

Kiangazi kikikolea, vilijikunja. Majani yalifumba kama ngumi, yakageuka rangi ya majivu, ukivigusa vinakwaruza. Mara ya kwanza kuviona hivyo nilikimbia kumwambia mama vimekufa. Mama alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Alikuja, akavitazama, akacheka. "Vimekufa wapi? Vimenuna tu hivi. Jua limevitukana, vimenuna. Mvua ikija kuomba radhi utaona sura zao."

Na kweli. Mvua ya kwanza ilipiga alasiri, na asubuhi yake nilipopanda mwambani vivumo vyote vilikuwa vimekunjuka, kijani kibichi, utadhani vimechorwa usiku ule. Nimeona mambo mengi tangu siku hiyo na nimepanda magari ya kila namna, lakini sijawahi kufurahi vile tena. Nikisema naikumbuka Masasi, watu wanadhani naukumbuka mji, soko, stendi. Mimi naukumbuka ufa ule.

Kwa wengi wetu huku kusini, mwanamume akioa ndiye anayehama. Anakwenda kukaa ukweni, anajenga kwenye ardhi ya wazazi wa mke wake, analima chini ya macho yao. Wengine baada ya muda wanaondoka. Mimi nilioa Chilangala, huku juu kwenye tambarare ya Newala, nikakaa. Nikatundika kibao cha ufundi cherehani barazani, watoto wakazaliwa, mikorosho ikakua, basi.

Siku ya kuondoka Masasi, mama alichukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa matundu chini kwa msumari. Akaweka kokoto, juu yake changarawe ya mwambani, juu kabisa udongo kiasi cha kujaza kiganja. Kisha akakibandua kivumo kimoja kutoka kwenye ufa, pamoja na kijiudongo kilichokishikilia, akakikalisha bila kukizika shingo. Alifanya polepole, kama mtu anayemvisha mtoto nguo ya Idi. Akanipa masharti yake: jua la asubuhi, mchana kivuli, mvua ikinyesha kitoe nje kioge, kiangazi kiache kinune. "Na usikibembeleze," akasema. "Ukikibembeleza kitaoza." Nilisafiri nacho mapajani mpaka juu, konda ananiuliza kama ni dawa.

Mama alifariki mimi nikiwa ukweni. Simu ilinikuta nashona sare za shule, mguu uko kwenye cherehani. Mpaka nimefika Masasi walikuwa wameshafukia. Sikumwona. Nyumba yake ilikuwa ya udongo. Bati wakalitoa ndugu, mvua mbili tatu zikazilainisha kuta, na leo ukienda unakuta kichuguu na mpapai. Niseme wazi kilichokuwa kwenye lile kopo, ili asije mtu akafikiri nalilia nyasi. Hakikuwepo kitu kingine duniani kilichoguswa na mkono wa mama yangu ambacho bado kilikuwa hai, ukiniondoa mimi. Nilitaka kiishi. Basi, hilo tu ndilo nililotaka.

Na kiliishi, miaka. Nilikiweka barazani kwenye kona, karibu na cherehani. Hapa Chilangala hakuna jiwe. Ardhi ni mchanga mwekundu kwenda chini, hata kijiwe cha kumtupia mbwa hupati. Watu walikuwa wanasimama kuzishangaa kokoto za kopo kabla ya kuushangaa mmea. Mke wangu ananitania mpaka leo, "nyie watu wa mawe." Kila kiangazi kivumo kilinuna, kila masika kikafunua uso, na mimi kila kikifunua nilikuwa nasimamisha cherehani nakitazama, mteja asubiri atakavyosubiri.

Sasa nimlete mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kusikika mashamba mawili mbali. Nyumba yake na yangu zinatazamana. Lakini kwa desturi tuliyoikuta, mkwe wa kike na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja. Nikimwona anakuja naiacha njia, naingia majanini, nainama: "Shikamoo, mama." Yeye anaitika "Marahaba" huku ameiangalia mikorosho. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, haya bwana, dunia yao. Sisi hapana. Akiwa na la kuniambia anamwambia kuku. "We kuku, hivi fundi anajua gauni langu la Idi halijawekwa hata mikono?" Nami namjibu kuku: "Mwambie mama kesho." Tumeishi hivyo kwa amani kubwa.

Jambo la pili la kujua kuhusu yeye ni maji. Huku juu hapana mto. Enzi za usichana wake wanawake walikuwa wanateremka mteremko mzima mpaka kwenye chemchemi, wanapanda tena na mtungi kichwani, na mtungi mmoja unakula siku. Shingo yake mpaka leo imelala upande. Sasa mabomba yapo, yanatoka yakipenda. Yeye hayaamini. Anavuna ya mvua kwenye kisima cha saruji chini ya michirizi ya bati, kisima kina mfuniko, mfuniko una kufuli, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Ukipewa maji na mama mkwe wangu, ujue umependwa.

Mwaka ule kiangazi kilipoingia, niliona kivumo hakinuni. Agosti imefika, mikorosho inachanua, vumbi limejaa kila mahali, lakini kivumo kimekaa wazi, kijani. Mwanzoni nilifurahi kama mjinga. Kisha nikagusa udongo: chapachapa. Nikamshuku mke wangu. Akakana. Nikawashuku wateja, labda wanamwaga maji ya kunawia. Nikawakaripia wateja, mmoja akaenda kushonesha kwa fundi mwingine. Udongo ukaendelea kuwa chapachapa.

Mchana mmoja nilitoka kwenda kuswali adhuhuri, njiani nikakumbuka kofia. Nikarudi kwa njia ya nyuma, kupitia mihogoni. Nikamwona. Mama mkwe amepiga magoti barazani kwangu, mahali ambapo nikiwepo hathubutu kukanyaga, na mkononi ana kikombe chake cha bati.

"Kunywa," anakiambia kivumo. "Kunywa, mwanangu, usione haya. Huko kwenu kwenye mawe hawana maji, tunajua. Hapa umefika kwa watu. Umekonda mpaka unatutia aibu."

Jamani. Ningefanyaje? Siwezi kujitokeza na kumfumania mkwe. Nilichuchumaa kwenye mihogo, siafu wananipanda, huku yule mama anakimiminia kidogokidogo, taratibu, anasubiri kifyonze, anaongeza. Maji ya kisimani. Maji ya kufuli. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja, na sikufanya hata kimoja. Alipomaliza alikifuta majani kwa pindo la kanga, akajikokota kwenda kwake.

Usiku nikamwambia mke wangu amweleze mama yake. Akaniangalia kama nimemwambia achome nyumba. "Mimi? Nimwambie mama maji yake hayatakiwi? Sema jingine."

"Yanakiua!"

"Basi kamwambie wewe."

Alijua siwezi. Akanihurumia, akasema atapitia pembeni. Kesho yake akapitia pembeni kweli, akamwambia mama yake kwamba ule mmea ninauthamini sana, kwamba ndio nilioachiwa na marehemu mama yangu, kwamba nina wasiwasi nao. Mama mkwe alilia. Na kuanzia siku ile akawa analeta vikombe viwili.

Mtauliza kwa nini sikukificha. Nilikificha! Nilikiingiza chumbani. Hazikupita siku mbili maneno yakaanza mtaani: fundi amemficha mkwe wake kopo, fundi anaogopa jicho la mama wa watu. Yaani nimemfanya mchawi. Mke wangu alirudi kutoka kusaga unga macho mekundu. Nikakirudisha barazani siku ileile, nikakiweka mahali pa kuonekana kabisa, na nikakohoa ili kila mtu ajue.

Nikawa nafanya ninachoweza. Nikienda msikitini narudi mbio, nakiinamisha kopo maji yatoke. Niliongeza matundu kwa msumari. Nilikisogeza juani. Lakini mzizi wa kivumo ni kitu kidogo, umezoea kushika jiwe kavu na kungoja. Ukiulaza kwenye matope haujui la kufanya. Majani ya nje yakalegea. Shingo ikawa nyeusi, ukiibonyeza inabonyea kama ndizi iliyopitiliza. Nikakitoa chote, nikakisuuza, nikakata palipooza kwa mkasi wangu wa kushonea, nikakiweka kwenye changarawe kavu mpya niliyomwagiza dereva wa lori kutoka Masasi. Nikakiambia, nuna. Tafadhali nuna. Kikajikunja mwishoni, kweli, lakini sikuipenda namna kilivyojikunja.

Mvua ya kwanza ikaja na kelele zake. Nilikiweka uani katikati, nikasimama nacho, nikalowa. Nilikuwa nafikiria mwamba wetu, kwamba huko chini muda uleule vyote vinafunguka kwenye ufa, na hakuna mtoto wa kuviona. Asubuhi nilitoka kabla ya chai. Kilikuwa vilevile, ngumi ya majivu. Nikangoja siku ya pili na ya tatu. Nikakivuta kidogo, kikatoka chote mkononi, hakina mzizi hata mmoja.

Nililia. Sitaficha, nililia barazani, mchana, fundi mzima, mteja ameshika kitambaa chake hajui aende au akae. Nilimlilia mama kwa sauti ambayo sikuwahi kumlilia msibani, kwa sababu msibani nilikuta kaburi limeshafunikwa na watu wanakula. Mke wangu akafunga mlango wa nje. Jioni ile akavuka kwenda kwa mama yake, na safari hii hakupitia pembeni.

Kesho yake mama mkwe hakuonekana. Nyumba imefungwa, kuku hawajafunguliwa. Adhuhuri ikapita. Mke wangu akaanza kuita kwa majirani, vijana wa bodaboda wakaenda mpaka Newala mjini, hayupo. Mvua ikanyesha, ikakatika. Mimi nilikaa kwenye cherehani bila kushona chochote. Mama wa watu, umri ule, tena kwa ajili ya jani. Nilijikuta namwomba Mungu jambo jingine kabisa na lile nililokuwa namwomba wiki nzima.

Alitokea karibu na alasiri, akitokea upande wa mteremko, upande ambao siku hizi hapiti mtu. Miguu yote ni tope mpaka magotini, mkononi fimbo, mgongoni mzigo umefungwa kwa kanga kama mtoto mchanga. Hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja kwangu. Niliinuka nimpishe, kama desturi, nikawa natafuta pa kukimbilia.

"Kaa," akasema. Aliniambia mimi.

Nikakaa. Akaketi kwenye ngazi ya baraza, amenipa mgongo, akafungua kanga. Ndani mlikuwa na kangaga lenye tonge la udongo mweusi unaodondosha maji. Vikonyo vyake vyeusi, vinang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Majani madogomadogo, laini, yanatetemeka hata hapana upepo.

"Nilikiua mimi," akasema.

"Hapana, mama, ni..."

"Ninyamazie. Nilikiua. Nilidhani kina kiu. Kwetu kila kitu kina kiu." Alipumua, pumzi ya mtu aliyepanda mlima. "Hili nimelitoa chemchemini. Njia imezibwa na vichaka, nimepotea mara nyingi. Lilikuwa linaota palepale tulipokuwa tunatua mitungi. Mama yangu alikuwa ananiwekea majani yake kwenye kata, chini ya mtungi, ili nisiumie kichwa. Bado lipo. Nilidhani halipo tena, lakini lipo."

Akalisogeza kwangu bila kugeuka.

"La mawe silijui," akasema. "Hili nalijua. Hili linakunywa. Ukilisahau siku mbili tatu, limekwenda. Kaa kivulini nalo, lisione jua la mchana, na udongo wake usikauke."

Nililitazama. Niseme kweli, sikulitaka. Lilikuwa zuri kuliko langu, mtu yeyote angelichagua hilo, na mimi sikulitaka. Nilitaka kile kikavu, kibishi, kilichokalishwa kwenye kopo na mkono niliokuwa naujua mpaka kucha zake. Nadhani hata mgongo wake ulilisikia hilo, maana alisema polepole, "Najua silo."

Kisha akageuka. Kwa miaka yote ya kuishi tukitazamana nyumba kwa nyumba, sikuwa najua kwamba jicho lake la kushoto lina doa. Alinitazama usoni, mimi nikiwa na uso uliovimba kwa kilio, na hakuhama.

"Mama yako," akasema, "alikuwa anakuitaje?"

Hapa juu mimi ni Baba fulani, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Au fundi. Au mkwe. Jina ambalo mama alikuwa ananiita nikiwa mwambani na mbuzi, hilo la utotoni, hata mke wangu halijui. Tangu mama afe hakuna kinywa kilicholitaja. Nikamwambia. Sauti yangu ilitoka ndogo, sikuitambua.

Mama mkwe akalisema mara moja kwa chini, kama anayeonja chumvi. Kisha akaliita kwa sauti yake ile ya kuvuka mashamba, kana kwamba niko mbali na chakula kimeiva.

Nikaitika.